Ndugu Akishtakiwa: Kosa Lake ni la Daraja Gani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, mikoa ya Mbeya na Iringa)



Ofisi ya chama cha msingi haikujengwa kuwa baraza la sheria. Ilijengwa ili mkulima alete kahawa yake, kakao yake, pareto au mahindi yake, apimiwe kwa mizani ya haki, aandikiwe stakabadhi na kulipwa. Hata hivyo kila katibu aliyekaa kitini misimu miwili mitatu anafahamu kwamba mlango huohuo hubishwa na watu wenye shida nyingine. Mwanachama ambaye kijana wake amekamatwa usiku haendi kwanza kwa wakili, maana wakili yuko mjini na hamjui. Huenda kwa katibu, kwa sababu katibu anajua kusoma karatasi zenye mihuri.

Kwa hiyo si vibaya makatibu wakajua, japo kwa uchache, namna makosa ya jinai yanavyopangwa katika madaraja. Lengo si kumgeuza katibu kuwa wakili wa porini; hao wako wa kutosha, nao wamewaumiza wengi. Lengo ni kwamba mtu mwenye hofu akiuliza, "Kosa hili ni kubwa kiasi gani?", apate jibu la kweli, au aelekezwe kwa mwenye jibu la kweli.

Upande wa Kyela alikuwako mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, ambaye mwanawe alikuwa karani wa ghala la chama. Hesabu ya magunia ya kakao ilipofanywa, yalipungua. Kijana alikamatwa siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi mtu mmoja aliyevaa koti akamfikia mzee nyumbani, akamwambia kwamba kesi ya mwanawe ni ya uhujumi uchumi, haina dhamana, na kwamba kijana atakaa ndani miaka mingi kabla kesi haijaanza; lakini yeye anazo njia, zikipatikana shilingi milioni mbili. Mzee alikwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wake wawili. Kilichomwokoa ni kwamba fedha zile hazikutimia, akaja kwa katibu kuomba mkopo wa kujazia.

"Shikamoo Baba," katibu akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja, lakini sijui nianzie wapi."

Katibu akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja tu: "Baba, hati ya mashtaka umeiona?"

Mzee hakuwa ameiona. Wala hakujua kama kuna kitu hicho. Na kwa kweli siku ile haikuwapo, kwa kuwa kijana hakuwa amefikishwa mahakamani. Yule mwenye koti alikuwa anaitaja kesi ambayo haijaandikwa. Jumatatu hati iliposomwa, kosa lililoandikwa lilikuwa wizi uliofanywa na mtumishi, na thamani ya mali ilikuwa shilingi milioni sita na kitu. Kosa hilo lina dhamana. Kijana akarudi nyumbani jioni ileile kwa wadhamini wawili, na ng'ombe wakabaki zizini.

Hati ya mashtaka ina sehemu mbili ambazo mtu yeyote ajuaye kusoma aweza kuzifuata. Sehemu ya kwanza hutaja jina la kosa, kifungu na sheria inayovunjwa. Sehemu ya pili hueleza nani alifanya nini, lini, wapi, juu ya mali au mwili wa nani, na kama ni mali, ya thamani gani. Uzito wa kesi umo katika mistari hiyo michache. Haumo katika maneno ya sokoni, wala katika ukali wa askari aliyekuja kukamata, wala katika idadi ya magari yaliyofika kijijini. Katibu akitaka kumsaidia mwanachama, jambo la kwanza na aandike katika kipande cha karatasi: nambari ya kesi, jina la mahakama, jina la kosa, kifungu na sheria yake, na tarehe ya kurudi. Aandike vilevile jina la sheria kamili, kwa maana vifungu vya sheria zetu vimepangwa upya zaidi ya mara moja, na nambari ambayo mtu aliizoea zamani huenda leo ikawa inahusu jambo jingine.

Sasa, juu ya madaraja yenyewe. Mgawanyo wa kwanza ni kati ya jinai na madai. Watu wa ushirika huuchanganya mgawanyo huu kuliko watu wengine, na sababu yake inaeleweka: katika chama upungufu wa fedha au mazao hutokea kwa njia nyingi. Kahawa hukauka na kupungua uzito. Mizani huharibika. Karani aliyechoka huandika 68 mahali pa 86. Upungufu wa namna hiyo ni hasara, na mwenye dhamana ya ghala aweza kutakiwa kuilipa. Mrajis wa Vyama vya Ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, anao uwezo wa kuchunguza na kumtaka aliyehusika arejeshe. Hilo ni deni. Haliwi wizi mpaka ionekane kwamba mtu alichukua kwa hila, bila haki, akiwa na nia ya kumnyima mwenye mali. Mkaguzi anayeandika "upotevu" katika taarifa yake hajasema "wizi", na katibu asimtafsirie mwanachama neno hilo kwa neno lile.

Lakini kuna upande wa pili ambao jamaa wa mshtakiwa huuona kwa uchungu. Shauri likishakuwa jinai, si mali ya chama tena. Mshtaki ni Jamhuri. Familia zimeuza mashamba ya chai zikarudisha kila senti iliyopotea, kisha zikashangaa kuona kesi inaendelea kama kwamba hakuna kilicholipwa. Kulipa kunaweza kupunguza adhabu, na katika makosa madogo mahakama huweza kuhimiza mapatano. Lakini mwenyekiti wa chama hana kalamu ya kufuta kesi ya jinai. Kalamu hiyo anayo Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtu akimwambia mwanachama, "Mlipe mwenyekiti, kesi itakwisha," anamwambia jambo ambalo mwenyekiti mwenyewe hawezi kulitimiza.

Ndani ya jinai, Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa mwaka 1945 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, inayo mistari yake ya kupima. Kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifo, au kwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kosa kubwa, isipokuwa sheria yenyewe imelitaja kuwa dogo. Yaliyo chini ya hapo ni makosa madogo. Mgawanyo huu hutumika katika mambo kadhaa, kama vile uwezo wa kukamata bila hati, lakini haumwambii mzazi mambo mawili anayotaka kuyajua zaidi, yaani kama mtoto wake atapata dhamana, na kama atasikilizwa na mahakama ya karibu au atapelekwa Mahakama Kuu.

Wizi ndio mfano mwepesi wa jinsi kosa la jina moja linavyopanda ngazi. Wizi wa kawaida adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka saba. Mali ikiwa ni ya mwajiri na mwizi ni karani au mtumishi wake, kiwango cha juu hufika miaka kumi. Sheria humwona mwizi aliyekabidhiwa ufunguo kuwa mbaya kuliko yule aliyepita dirishani. Akitumia nguvu au vitisho ili apate mali, jina hubadilika na kuwa unyang'anyi. Akiwa na silaha, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na hapo hakuna tena habari ya kiwango cha juu: sheria imeweka kiwango cha chini, nacho ni miaka thelathini. Vijana watatu wanaomvizia mnunuzi wa mahindi barabarani, mmoja wao akiwa na panga, hudhani wamefanya "wizi wa simu na laki mbili". Wameingia katika daraja ambalo hakimu, hata akiwaonea huruma, hana ruhusa ya kushuka chini ya miaka hiyo thelathini. Wazazi wa vijana wa namna hiyo hufika mahakamani wakiwa na fedha za faini mkononi. Ni jambo la kusikitisha kulitazama.

Juu ya hayo yote kuna makosa ya uhujumi uchumi. Wazee wanaikumbuka operesheni ya mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambapo Bunge lilipitisha sheria maalumu na baraza maalumu likaundwa kusikiliza mashauri ya wahujumu. Sheria ile haikudumu. Mwaka 1984 mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Uhujumi Uchumi na Makosa ya Kupangwa, ambayo ingaliko hata sasa pamoja na marekebisho mengi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikapata divisheni yake ya makosa ya rushwa na uhujumi uchumi. Kumbukumbu ya 1983 ndiyo inayolipa neno "uhujumi" nguvu ya kutisha vijijini, na ndiyo maana matapeli hulipenda.

Mwanaushirika hana budi kujua kwamba neno hili linamhusu. Miongoni mwa makosa yaliyoorodheshwa katika sheria ile limo la kuisababishia mamlaka hasara, na viongozi wa vyama vya msingi katika sehemu mbalimbali za nchi wamekwisha kusimama kizimbani kwa shtaka hilo. Tofauti yake na wizi ni kubwa. Katika wizi, upande wa mashtaka sharti uonyeshe kwamba mtu alichukua. Katika kusababisha hasara, mtu aweza kushtakiwa bila kuingiza hata shilingi moja mfukoni mwake, kwa sababu ya tendo la makusudi au uzembe katika kazi yake. Katibu aliyetia saini malipo ya mbolea ambayo haikufika, kwa kuwa alimwamini dereva, hujitetea kwa kusema, "Sikula hata senti." Utetezi huo ni mzuri kwa wizi. Kwa kosa la hasara hautoshi.

Kesi ya uhujumi ina taratibu zake. Haiwezi kusikilizwa bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Mahali pake ni Mahakama Kuu, ingawa Mkurugenzi huweza kutoa hati ili isikilizwe na mahakama ya chini. Mahakama gani yenye uwezo wa kutoa dhamana hutegemea thamani ya mali inayotajwa, na viwango vya thamani hiyo vimekuwa vikibadilishwa na Bunge. Hivyo swali hili aulizwe karani wa mahakama siku ileile, wala mtu asitegemee alichoambiwa na jirani yake ambaye kaka yake alishtakiwa miaka kumi iliyopita.

Kuhusu dhamana, ni vema maneno yawe wazi. Kwa makosa mengi dhamana ni haki, nayo haiuzwi. Polisi hutakiwa kumfikisha mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24 au kumwachia kwa dhamana ya polisi, isipokuwa kwa makosa yenye adhabu ya kifo, ambayo sheria husema afikishwe mapema iwezekanavyo. Mdhamini hutia saini ahadi ya fedha atakayodaiwa endapo mshtakiwa atatoroka. Hatoi fedha hiyo siku ya kutia saini. Mahali ambapo fedha au mali hutakiwa kweli ni pale shtaka linapohusu fedha au mali ya thamani inayozidi shilingi milioni kumi. Hapo mshtakiwa hutakiwa kuweka mahakamani nusu ya thamani hiyo, iwe taslimu au mali, na nusu iliyobaki kwa ahadi ya maandishi. Shtaka la milioni kumi na nne lataka milioni saba. Fedha hizo huwekwa kwa stakabadhi ya serikali. Hazipokelewi katika mgahawa.

Yako makosa ambayo hayana dhamana kabisa. Kuua kwa kukusudia, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha, na usafirishaji wa dawa za kulevya kwa viwango vilivyotajwa ni baadhi yake. Mwezi Mei mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa haya kinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani, na mwezi Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi ule. Kwa hiyo kifungu kimesimama. Ubaya wake kwa mwanaushirika ni kwamba shtaka la wizi lenye dhamana likiongezewa shtaka la pili la kutakatisha fedha zilezile, dhamana hupotea, hata kama maelezo ya tendo hayakubadilika sana. Ndiyo sababu hati isomwe yote, shtaka la kwanza mpaka la mwisho. Mtu aliyesoma shtaka la kwanza tu akaenda kutafuta wadhamini hupoteza siku yake na nauli yao.

Zito kuliko yote ni kosa la kuua, na hapa mgawanyo wa madaraja ndio uhai wa mtu. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja tu, kunyongwa mpaka kufa. Kuua bila kukusudia adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, lakini jaji ana uhuru wote wa kushuka, na wapo waliohukumiwa miaka michache. Marehemu ni mmoja katika pande zote mbili, na machozi ni yaleyale. Kinachotenganisha ni nia.

Mkoa wa Iringa una kesi yake katika jambo hili, ambayo haijasahaulika. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu, alifika katika shamba la mkulima wa mahindi aitwaye Said Mwamwindi huko Isimani. Zilikuwa siku za kuhimiza vijiji vya ujamaa, na Isimani ilikuwa nchi ya wakulima waliolima kwa matrekta yao wenyewe. Yalitokea maneno, na Mwamwindi akampiga Mkuu wa Mkoa risasi. Kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu, akauendesha mwenyewe mpaka kituo cha polisi Iringa mjini.

Watu wengi walijadiliana wakati ule, na baadhi wanajadiliana hata leo: mtu aliyejipeleka mwenyewe polisi, asiyekimbia wala kuficha, amekusudiaje? Mahakamani watetezi wake walileta hoja za kuchokozwa na za kuvurugika kwa akili. Hoja hizo ndizo zingeweza kulibadili shauri: ya kwanza ingelishusha daraja mpaka kuua bila kukusudia, ya pili ingelipeleka katika njia nyingine kabisa, ya mtu asiyewajibika kwa tendo lake kwa sababu ya maradhi ya akili. Mahakama Kuu haikuzikubali. Mwamwindi alitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia mwaka 1972, akahukumiwa kifo, na hukumu ikatekelezwa. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya nyakati zile, lakini kwa swali la madaraja kesi ile inafundisha jambo moja bayana: kukusudia katika sheria si lazima kuwe kupanga tangu jana. Nia yaweza kuzaliwa na kukamilika shambani, katika muda wa kunyanyua bunduki.

Mahakama huipataje nia, maadamu hakuna awezaye kufungua kifua cha mtu akasoma? Katika rufani moja ya mwaka 1994 iliyotoka Mbeya, ambayo majaji wameirejea mara nyingi tangu hapo, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kutazamwa: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tendo. Fimbo moja mguuni na shoka tatu kichwani si sawa, hata kama wapigaji wote wawili walisema baadaye, "Sikutaka afe."

Msimu wa ulanzi unapowadia, mambo haya hayabaki vitabuni. Watu wawili, ndugu wa tumbo moja pengine, hutoka kilabuni wakigombana juu ya mpaka wa shamba. Mmoja humkata mwenzake. Asubuhi shtaka ni kujeruhi, na kama jeraha ni baya ni kudhuru mwili vibaya, ambalo lina dhamana. Familia hutulia. Wiki mbili baadaye majeruhi anafia hospitali, na shtaka linaondolewa na kuletwa jipya, la kuua. Aliyekuwa nje kwa dhamana anarudi ndani. Jamaa husema polisi wamegeuka, wamehongwa na upande wa marehemu. Hawakugeuka, kosa limepanda daraja kwa sababu mtu amekufa. Ulevi kwa kawaida haumwondolei mtu hatia, ijapokuwa mahakama hutazama kama alikuwa amelewa kiasi cha kutoweza kuwa na nia. Kuchokozwa pia hutazamwa, kwa kipimo cha mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa, na ni lazima tendo lifuate uchokozi kabla hasira haijapoa. Aliyetukanwa mchana akarudi na panga usiku, muda umemshitaki. Na kuhusu wale wanaoua wazee kwa tuhuma za uchawi, jambo ambalo Nyanda za Juu Kusini zimeliona mno, imani peke yake kwamba fulani ni mchawi haihesabiwi kuwa uchokozi.

Linabaki jambo linalozikondesha familia kuliko hukumu yenyewe, nalo ni kule kusubiri. Kesi ya kuua huanza kusomwa katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, lakini mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Mshtakiwa husomewa shtaka na kuambiwa asijibu kitu. Mama yake, aliyetoka Makete usiku kwa basi, huona mwanawe amenyamaza, hakimu anaandika, na karani anataja tarehe nyingine. Hudhani mtoto amekubali kosa. Hakukubali, hakuulizwa. Siku hiyo kesi "imetajwa" tu, haikusikilizwa. Itaendelea kutajwa mpaka upelelezi ukamilike, ndipo maelezo ya mashahidi yasomwe na mshtakiwa apelekwe rasmi Mahakama Kuu, iwe kanda ya Mbeya au ya Iringa, au ipelekwe kwa hakimu mkazi aliyeongezewa mamlaka. Huko ndiko atakakoulizwa kwa mara ya kwanza kama ni kweli au si kweli. Familia isiyojua tofauti ya kutajwa na kusikilizwa humaliza akiba yake ya nauli katika miezi sita ya kwanza, na siku ya mashahidi inapofika hakuna hata mmoja wao mahakamani.

Mbele ya Mahakama Kuu, mshtakiwa wa kuua asiyeweza kulipa wakili huwekewa wakili kwa gharama ya serikali. Mtu asiuze shamba kwa hofu ya kwamba mwanawe atasimama peke yake. Kwa makosa mengine iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mahakama au ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya yaweza kuelekeza waliko watoa msaada waliosajiliwa. Tangu mwaka 2019 sheria imeruhusu pia makubaliano kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, ambayo kwa njia hiyo shtaka zito huweza kubadilishwa kuwa jepesi kwa mshtakiwa kukiri. Makubaliano hayo hufanywa kwa maandishi na kusajiliwa mahakamani. Mshtakiwa wa kuua pia, hata bila makubaliano, huweza kukana kuua kwa kukusudia na kukiri kuua bila kukusudia, nao upande wa mashtaka ukakubali. Na jaji aliyesikiliza ushahidi wote aweza mwenyewe kumtia hatiani kwa kosa dogo badala ya lile kubwa lililoandikwa. Daraja lililo katika hati ni la kuanzia. Mara nyingi silo la kumalizia. Hata hukumu ya kifo ina rufani, na baada ya rufani ina huruma ya Rais. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, ingawa hukumu zenyewe zinaendelea kutolewa.

Jambo la mwisho linawahusu Makatibu wenyewe. Mwanachama mwenye ndugu mahabusu huomba vitu vitatu: barua, maneno na fedha. Barua ya kuthibitisha kwamba mdhamini ni mkazi na mwanachama anayefahamika, katibu aiandike bila kuchelewa, kwa kuwa wadhamini wengi hukataliwa kwa kukosa utambulisho na si kwa ubaya wao. Maneno, ayatoe kwa kadiri anavyojua, na asipojua aandike swali na kumtuma mtu kwa karani wa mahakama. Fedha za chama asiziguse. Katibu mmoja, mtu mwema asiye na doa, alichukua fedha za pembejeo kumwekea dhamana mpwa wake, akitumaini kurudisha kabla ya mkaguzi kufika. Mpwa aliachiwa baada ya wiki sita, shtaka likaondolewa. Katibu alishtakiwa kwa kosa la wizi wa mtumishi, na yule mpwa ndiye aliyesimama kuwa mdhamini wake.

Yule kijana wa Kyela kesi yake ilisikilizwa mwaka uliofuata. Vitabu vya ghala vilionyesha magunia kumi na moja yaliyotoka kwa saini isiyo yake, na mahakama ikamwachia. Baba yake alikuwapo siku zote za mashahidi, kwa sababu katibu alimwandikia, kwenye jalada la daftari la stakabadhi, tarehe za kutajwa kwa kalamu ya bluu na tarehe za kusikilizwa kwa kalamu nyekundu.